UGANDA: VILIMA VYA SUKULU VINA MALI KIASI GANI?



Habari ikitoka kwamba kilima fulani kina madini, watu huanza kuhesabu kazi kabla jembe halijagusa udongo. Yafaa tujue wataalamu wanavyoipima mali hiyo, maana hesabu yao ndiyo inayoamua kama kazi itakuwapo, na ya miaka mingapi. Tuchukue vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo, mashariki ya Uganda.

Sukulu ni mabaki ya volkano ya zamani sana. Uji wa moto uliopanda pale haukuwa kama wa volkano nyingi. Ulikuwa na chokaa na magadi kwa wingi, na jiwe lake huitwa kabonataiti. (Mlima wa ukoo huo unaowaka hata leo ni Ol Doinyo Lengai, Tanzania.) Mawe ya namna hii hukusanya vitu ambavyo mawe mengine huwa navyo kidogo tu: fosfeti ya mbolea, chuma, na niobi, ambayo hutiwa katika feleji ipate nguvu. Niobi nyingi ya dunia hutoka katika mawe ya ukoo huu huko Araxá, Brazil.

Pale Sukulu mvua iliyeyusha chokaa ikaichukua, ikaacha mabondeni udongo uliojaa apataiti, ndiyo yenye fosfeti, pamoja na chuma. Yaani mvua ilianza kazi ya kiwanda bila kudai mshahara.

Sasa kupima. Kwanza hutumiwa vyombo vya kusikiliza sumaku na mnururisho, hata kutoka kwenye ndege, kwa kuwa mawe haya yana chuma cha sumaku na mara nyingi yana thori. Kisha huchimbwa mashimo kwa mistari, kila shimo likiwa na umbali wake, na udongo wa kila kina hupelekwa maabara. Shimo moja zuri si ushahidi. Anayekuonyesha jiwe moja linalong'aa anakuuzia jiwe hilo moja.

Makadirio ya Sukulu ni tani zipatazo milioni 230, zenye fosfeti kati ya asilimia 11 na 13. Ni nyingi, lakini tufanye hesabu. Kiwanda kinataka mzigo uliosafishwa kufikia asilimia 40 hivi. Kwa udongo wa asilimia 12, tani moja ya mzigo huo hutaka zaidi ya tani tatu za udongo, hata kama hakuna chembe inayopotea. Na chembe hupotea, kwa sababu udongo mfinyanzi na chuma hung'ang'ania apataiti. Kwa hiyo swali kubwa si kiasi kilichomo ardhini, bali ni kiasi kinachotoka kwa gharama inayolipika.

Tena apataiti ya volkano ni ngumu. Ukiisaga na kuimwaga shambani, mahindi hupata kidogo sana. Lazima ipikwe kwa tindikali ya salfa. Basi bei ya tindikali, umeme na reli vimo ndani ya mali ya kilima sawasawa na fosfeti yenyewe. Kiwanda cha kwanza cha mbolea Tororo kilifanya kazi kuanzia 1963, kikasimama 1978. Udongo haukuwa umekwisha. Kiwanda kipya, cha kampuni ya Kichina, kilizinduliwa Oktoba 2018.

Chama cha wafanyakazi mahali penye kilima cha namna hii kiombe karatasi ya makadirio mapema. Kiulize: tani zilizotajwa ni zilizomo tu, au ni zile zilizothibitika kuchimbika? Mashimo yalikuwa mangapi? Wenye mashamba juu ya udongo huo watalipwaje? Na thori ile iliyosaidia ndege kukiona kilima, imepimwa katika vumbi watakalovuta wachimbaji? Kipimo hicho kifanywe kabla ya mtu wa kwanza kuandikwa kazi, na namba zake zibandikwe getini kwa lugha wanayoisoma.