Kezilahabi: Swali Moja katika Ushairi, Riwaya na Tamthilia

Mtahiniwa anayeulizwa kueleza umbo la shairi huru aghalabu huandika sentensi moja: "Shairi hili halina vina wala mizani." Kisha huweka kalamu chini. Sentensi hiyo si uongo, ila ni sawa na kumweleza mgeni kwamba nyumba yako haina ghorofa. Bado hajajua ina vyumba vingapi, wala mlango umeelekea wapi. Katika swali la alama 20, jibu la aina hii humwacha mtahiniwa na alama chache mno, na pengine alikuwa amelielewa shairi lenyewe vizuri sana.

Makala haya yanadai kwamba upungufu huu unahusiana na jinsi Euphrase Kezilahabi anavyofundishwa. Jina lake hutajwa darasani kama jina la mtetezi wa mashairi huru, likaambatishwa neno "udhanaishi", na somo likaishia hapo. Ushairi wake hutengwa na riwaya zake, na tamthilia yake haitajwi kabisa. Ilhali mtu huyu aliandika kwa takriban miaka arubaini akiuliza swali lile lile: ni nani aliyepewa haki ya kumkabidhi mwenzake ukweli uliokwisha kuivishwa, na huyo anayekabidhiwa hufanywa nini anapoukataa?

Kezilahabi alizaliwa Aprili 13, 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. (Kisiwa hicho hicho ndicho kilichotupa Aniceti Kitereza. Si haba kwa kisiwa kimoja.) Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Alipitia seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilimhusu Shaaban Robert. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Kuanzia 1995 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki Dar es Salaam Januari 9, 2020.

Mwalimu asiyapuuze mambo mawili katika wasifu huu. Kwanza, aliyekuja kuvunja arudhi alikuwa amemsoma Shaaban Robert kwa kina. Hakuziacha kanuni kwa kuwa zilimshinda. Pili, alikuwa mtu wa bara. Alipochapisha diwani ya *Kichomi* mwaka 1974, ushairi wa Kiswahili ulikuwa na sheria zilizoandikwa, hasa tangu Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Nyuma ya sheria hizo ulikuwepo urithi wa Mwambao wa karne nyingi. Wanamapokeo walihofia kwamba urithi huo ungepotea, na hofu yao haikuwa ya kijinga. Kwao utungo usio na vina ulikuwa guni, au nathari iliyokatwakatwa. Kezilahabi alijibu kwamba alitaka ushairi utumie lugha ya watu wa kawaida, jinsi wanavyozungumza na kufikiri kila siku. Hakuwa peke yake: Ebrahim Hussein, Mulokozi na Kahigi walikuwa katika safari hiyo hiyo, kila mmoja kwa mwendo wake. Hapa Kenya njia hiyo ilifuatwa baadaye na Alamin Mazrui katika *Chembe cha Moyo* (1988) na Kithaka wa Mberia katika *Mchezo wa Karata* (1997).

Mjadala huo umeandikiwa mengi. Kinachosahauliwa ni kwamba miaka mitatu kabla ya *Kichomi*, Kezilahabi alikuwa amekwisha kuuzua mgogoro huo huo katika nathari. Katika *Rosa Mistika* (1971), Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Anadhani kwamba kumlinda mtoto ni kumfungia asione wala asijue lolote. Rosa anapotoka nyumbani kwenda masomoni, hana ujuzi wowote wa kukabiliana na wanaume, maana amri aliyopewa haikuja na maelezo. Anaharibikiwa. Anapojirudi na kutaka kuolewa, Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua. Riwaya hii ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ya namna ilivyozungumza wazi juu ya mapenzi ya kimwili. Kitabu kinacholaumu ulezi wa kuficha kikafichwa na walezi! Mwanafunzi akishaliona hilo, ataona pia kwamba malumbano juu ya vina hayakuwa ya vina tu. Sheria isiyoruhusiwa kuulizwa ilikuwa ikimkera mwandishi huyu kokote alikoikuta, iwe katika nyumba ya Zakaria, iwe katika ubeti.

Ni kweli kwamba riwaya zake za mwanzo zinaishia pabaya. Katika *Kichwamaji* (1974), Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, haoni tena maana ya maisha na anajiua. Katika *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), Tumaini ananyongwa baada ya kumuua kiongozi wa serikali wakati mali yake inapotaka kutaifishwa. Ndipo wahakiki wengi wakambandika jina la mwandishi wa kukata tamaa, na watahiniwa wakalikariri. Kwa maoni yangu jina hilo linachosha na halisaidii. Jiulize, mtahiniwa: kila mmoja wa wahusika hawa anauawa na nini? Rosa anaangamizwa na maadili yasiyoeleza sababu. Kazimoto ana elimu iliyomtoa kwao bila kumfikisha kwingine. Tumaini anakumbana na siasa asiyoiamini. Sababu ziko wazi na zinatoka katika jamii. Mwandishi anayeonyesha ugonjwa kwa uangalifu huu hajakata tamaa na mgonjwa.

Isitoshe, *Gamba la Nyoka* (1979) inachukua mkondo tofauti. Humo Mambosasa na Mamboleo, vijana wasomi, wanakutana na ujamaa jinsi ulivyofika vijijini, na wanajifunza kwamba wanakijiji nao wana akili zao. Tamthilia ya *Kaptula la Marx*, iliyochapishwa 1999 ingawa iliandikwa miaka mingi kabla, inauchukua mzaha huo hadi ikulu. Rais Kapera anavaa kaptula ya Marx inayompwaya na kuanza safari ya kwenda Nchi ya Usawa. Sidhani kwamba hii ni kazi yake bora. Wahusika ni wepesi na mazungumzo mara nyingine yanahubiri. Hata hivyo, kile kivazi kinachompwaya mvaaji ni ishara ambayo darasa zima la Kidato cha Pili litaielewa kabla ya mwalimu kumaliza kuieleza. Ukweli ulioshonewa mwili mwingine umeletwa, na anayelazimishwa kuuvaa ndiye anayejikwaa.

*Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) ni vitabu vyembamba lakini vigumu. Humo uhalisia umeachwa. Wakati haufuatani, msimulizi anasafiri katika ulimwengu wa ndoto na magofu, na katika *Nagona* anakutana na akina Plato na Nietzsche. Wapo wanaosema kwamba mwandishi alipotea. Mimi naona kwamba alifika alikokuwa akielekea. Aliyezikataa kanuni za ubeti mwaka 1974 asingeendelea milele kukubali kanuni za riwaya yenye mwanzo, kati na mwisho. Lakini asipewe mwanafunzi wa Kidato cha Tatu *Nagona* kabla hajasoma *Rosa Mistika*. Atakichukia kitabu, na pengine fasihi yenyewe.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mtihani. Shairi huru lina umbo, na umbo hilo hujibiwa kwa kusema lililopo. Chukua mistari hii miwili niliyoibuni kwa ajili ya darasa:

Baba alimpa mtoto
mgongo.

Mstari wa kwanza ni mshata. Maana yake haijakamilika. Msomaji anatarajia zawadi. Anashuka mstari wa pili na kukuta mtoto ameachwa. Laiti maneno haya manne yangeandikwa katika mstari mmoja, matarajio hayo yasingejengeka na uchungu ungepungua. Mtahiniwa anayeandika, "Mshairi ametumia mstari mshata ili kumzidishia msomaji huzuni, na neno 'mgongo' limesimama peke yake kama mtoto aliyeachwa," amejibu swali la umbo na la maudhui kwa pamoja. Afuatilie vivyo hivyo urefu usiotoshana wa mishororo, takriri, usambamba, alama za uakifishaji na nafasi zilizoachwa wazi. Kila mara aongeze kauli inayoanza na "ili" au "hivyo basi", maana mbinu iliyotajwa bila kazi yake ni nusu ya jibu.

Mazoezi haya yanaweza kuanza na shairi la "Mgomba" katika *Kichomi*, ambalo linaonyesha mgomba uliokatwa ukalala chini. Kabla ya kulisoma, waulize wanafunzi mgomba hukatwa lini na nyumbani kwao huachiwa nini. Anayetoka Kisii au Meru atakuwa na mengi ya kusema kuhusu machipukizi. Kisha lisomwe kwa sauti mara mbili, na msomaji atue pale mstari unapokoma, hata kama sentensi haijakoma. Shule yenye nakala ya *Dhifa* (2008), iliyochapishwa hapa Nairobi, iipeleke maktabani wanafunzi wajisomee. Ni diwani ya mzee anayecheka zaidi ya alivyocheka ujanani, na sijui kwa nini haizungumzwi sana.