Chakula kinapokwama kooni, mwokozi ni aliyeketi karibu

Kikombe cha maji ndicho cha kwanza kuletwa. Mtu amekabwa na kipande cha nyama, kwenye nganda au kwenye matanga, ameshika shingo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na wanaomzunguka wanafanya kile walichoona wazazi wao wakifanya. Mmoja anamnywesha maji. Mwingine anampuliza utosini. Wa tatu anamfinyangia tonge kubwa la bugali alimeze, ili lisukume kile kilichokwama. Wa nne amekwisha kutoka mbio kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Wote wana nia njema, lakini kati ya hayo manne hakuna linalofungua njia ya hewa. Na ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi.

Dakika nne, mkaaji yeyote wa Goma, Bukavu au Lubumbashi anajua zinavyopita: pikipiki inaweza kuzimaliza kabla haijatoka kwenye mawe ya kata na kufika kwenye lami. Kijijini tusiseme. Ndiyo maana kukabwa na chakula ni kati ya dharura ambazo hospitali, hata ikiwa na madaktari hodari, kwa kawaida huchelewa. Kazi inabaki kwa aliyekuwa anakula sahani moja na mgonjwa.

Jambo la kwanza ni kutambua. Mtu anayekohoa kwa nguvu, anayelia au anayeweza kusema hata neno moja, hewa bado inapita kwake. Huyo aachwe akohoe, na ahimizwe kukohoa. Hakuna mbinu ya mkono inayoshinda kikohozi chenye nguvu. Hatari ni ukimya. Ukimuuliza “Umekabwa?” akaitikia kwa kichwa tu bila sauti, kikohozi chake hakitoki, midomo inaanza kugeuka rangi, basi njia imefunga na hakuna muda wa kujadiliana.

Hapo simama kando yake, nyuma kidogo. Mkono mmoja umshike kifuani na umwinamishe mbele, kichwa kikiwa chini. Kuinama huko si mapambo: ukimpiga akiwa amesimama wima, kilichokwama kinaweza kushuka zaidi badala ya kutoka. Kwa sehemu ngumu ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo, mpige kwa nguvu katikati ya mabega mara tano, ukiangalia baada ya kila pigo kama kitu kimetoka. Kisigeuke kipapaso cha kumbembeleza.

Kisipotoka, pita nyuma yake na umzungushie mikono kiunoni. Kunja ngumi, iweke juu ya kitovu lakini chini ya mfupa wa kifua, ishike kwa mkono wa pili, kisha vuta ghafla kuelekea ndani na juu. Mara tano. Halafu urudi kwenye mgongo, tano tena, na tena tumboni, mpaka kitu kitoke au mtu aanguke. Mama mwenye mimba, au mtu mnene ambaye mikono haimzunguki tumboni, huvutwa kifuani, katikati ya mfupa wa kifua.

Mbinu ya tumbo ina jina la daktari mpasuaji wa Marekani, Henry Heimlich, aliyeitangaza mwaka 1974. Kabla yake, wengi waliokufa ghafla mezani walidhaniwa wamekufa kwa ugonjwa wa moyo, kumbe ni kipande cha nyama. Hesabu yake ilikuwa rahisi: hata aliyefungwa pumzi bado ana hewa kiasi mapafuni, na ukimbana ghafla chini ya mbavu hewa hiyo inarusha kizuizi nje kama kizibo cha chupa. Heimlich alipinga vikali kupiga mgongo, na kwa miaka mingi Wamarekani walimfuata. Ulaya waliendelea kufundisha yote mawili. Leo ubishi huo umepoa, na mwongozo wa mwaka 2025 wa Shirika la Moyo la Marekani nao unaanza na mapigo matano ya mgongo, kisha matano ya tumbo. Heimlich mwenyewe, akiwa na miaka 96, alimwokoa kwa mbinu yake bibi wa miaka 87 katika makao ya wazee ya Cincinnati. Ilikuwa mwaka 2016, miezi michache kabla hajafariki.

Mtu akizimia, mlaze chali chini penye ugumu, mtu mwingine aite msaada, na uanze kumkandamiza kifua: mara 30 kwa nguvu na haraka, kisha pumzi mbili mdomoni, ukiangalia mdomoni kila kabla ya kupuliza. Kitu kikionekana, kitoe. Kisipoonekana, usiingize kidole kukitafuta, maana kidole kinachopapasa gizani husukuma zaidi.

Na bugali? Hiyo dawa ya nyumbani inatokana na kuchanganya mambo mawili. Kooni kuna njia mbili jirani, moja ya hewa na nyingine ya chakula. Mwiba wa samaki mara nyingi hunasa kwenye nyama za koo au kwenye njia ya chakula. Mwenye mwiba anaumia, anatema mate, lakini anapumua na kusema. Hahitaji kupigwa mgongo. Hahitaji tonge pia, kwa sababu tonge linaweza kuuzamisha mwiba, na mwiba uliotoboa njia ya chakula huleta usaha mpaka kifuani. Wakaaji wa kando ya Ziwa Kivu na Tanganyika, wanaokula samaki karibu kila siku, wana simulizi nyingi za tonge lililofaulu. Zile za tonge lililoharibu husikika zaidi hospitalini. Huyo apelekwe kwa daktari anayeweza kuutoa kwa chombo. Hata mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza, mwaka 1982, alipelekwa hospitali usiku na kutolewa mwiba chini ya nusukaputi.

Kwa watoto hesabu inabadilika. Aliye chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo kamwe, kwa sababu ini lake ni kubwa na laini. Wala hashikwi miguu na kuning'inizwa. Alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kifua na taya likiwa limeshikwa, apigwe mgongoni mara tano. Kisha ageuzwe, abonyezwe katikati ya kifua mara tano, na kuendelea hivyo kwa zamu.

Karanga, punje za mahindi na maharagwe mabichi ndivyo vinavyostahili kuogopwa nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka minne bado hatafuni vizuri, na huviweka mdomoni huku anakimbia au anacheka. Karanga inayopita kooni bila kuziba kabisa huteleza mpaka kwenye pafu, mara nyingi la kulia, ambako njia ni pana na imenyooka zaidi. Mtoto anakohoa sana dakika chache, kisha anatulia, na nyumba nzima inamshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye ana homa na kikohozi kisichosikia dawa, anatibiwa kama mwenye nimonia au pumu. Karanga haionekani kwenye picha ya kawaida ya kifua. Kuitoa kunahitaji bomba lenye taa linaloingizwa mpaka ndani ya mapafu, kifaa ambacho vituo vya afya vya kata havina. Kwa hiyo mzazi anapofika na mtoto wa namna hiyo, amwambie muuguzi mapema siku kikohozi kilipoanza, na mtoto alikuwa anakula nini saa ile.