Rafiki Anapoharibu Kazi: Mipaka ya Huruma ya Mwajiri

Biashara nyingi ndogo nchini Tanzania huanza na watu wanaojuana, kwa kuwa mwenye mtaji mdogo, asiye na uwezo wa kutangaza nafasi wala kuwachuja waombaji, humtafuta kwanza mtu anayeweza kumkabidhi funguo na fedha bila wasiwasi. Uamuzi huo hauna kosa. Ugumu huja pale rafiki huyo anapozoea kuchelewa, kukaidi maagizo au kuwajibu wateja vibaya, na mwajiri akanyamaza kwa kumwonea haya. Hali hiyo ndiyo wafanyakazi huiita kubebana, yaani mtu kuvumiliwa kwa sababu ya ukaribu wake na mkubwa, na wanaobeba mzigo wake ni wenzake.

Katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa mfano, mtunza stoo anayefika saa tatu ilhali duka hufunguliwa saa mbili huwaacha wapakiaji wakisubiri kwenye mlango uliofungwa, huku muuzaji akimbembeleza fundi aliyekwisha kulipia saruji na nondo asidai kurudishiwa fedha zake. Mpakiaji akichelewa nusu saa juma hilohilo akaandikiwa barua ya onyo, wote hutambua kwamba kanuni ya duka haimhusu kila mtu, na tangu siku hiyo maneno ya mwajiri kuhusu nidhamu hupoteza uzito.

Hasara hiyo inaweza kuwa ya kisheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na ya haki, na awe amefuata utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinazofafanua sheria hiyo, zinaelekeza kuwa katika kosa la nidhamu iangaliwe, pamoja na mengine, iwapo kanuni iliyovunjwa imekuwa ikitumika kwa usawa. Kwa hiyo, mpakiaji aliyefukuzwa kwa kuchelewa anaweza kulalamika ndani ya siku 30 mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, na kuutumia uchelewaji uliosamehewa wa mtunza stoo kuwa hoja yake.

Mwajiri anayetaka kutenda haki huanza kwa kutofautisha utovu wa nidhamu, ambao ni kuvunja kanuni anayoijua mtu, na upungufu wa uwezo, ambao ni kushindwa kufikia kiwango cha kazi. Penye upungufu wa uwezo, Kanuni zinamtaka achunguze sababu, atoe maelekezo au mafunzo, na ampe mfanyakazi muda wa kutosha wa kujirekebisha. Penye utovu wa nidhamu unaoweza kumfukuzisha mtu, mtuhumiwa hupewa tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na nafasi ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Aidha, kikao huongozwa na kiongozi asiyehusika na tukio lenyewe, na sharti hilo humfaa mno mwajiri aliye rafiki, kwani chuki na upendeleo vyote viwili hupunguziwa nafasi.

Kabla ya kufika huko, mazungumzo ya wazi hayana budi kufanyika, na mahali pake ni ofisini wakati wa kazi, daftari la mahudhurio likiwa mezani, wala si kijiweni jioni ambako onyo huchukuliwa kama utani. Mchelea mwana kulia hulia yeye: mwajiri anayeahirisha mazungumzo hayo mwezi baada ya mwezi hujikusanyia hasira, kisha siku moja humfukuza rafiki yake mbele ya wateja, akapoteza mfanyakazi, rafiki na haki kwa pamoja.

Urafiki unabaki na madai yake, lakini madai hayo yatimizwe kwa kilicho mali ya mwajiri mwenyewe. Anaweza kumkopesha rafiki fedha za mfukoni mwake, kumuuguzia mgonjwa au kumtafutia kazi nyingine inayomfaa. Hana ruhusa ya kumzawadia jasho la wapakiaji wala usawa wao mbele ya kanuni, kwa sababu hivyo ni vyao.