Mke au mume asiye Mkenya: stakabadhi za kuishi naye Kwale kihalali

Vanga si jambo geni kumkuta mama ambaye mumewe alizaliwa Moa, upande wa pili wa mpaka, au mzee ambaye wake za wanawe wametoka Tanga. Wadigo wako pande zote mbili, na harusi zilikuwa zikivuka hapo kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Diani na Ukunda nako kuna familia ambazo mmoja wa wanandoa alikuja likizoni kutoka Ujerumani, Italia au Uswizi, akabaki. Ndoa hizi zinafanana kwa jambo moja linaloleta matatizo: wengi hudhani kwamba kuoa au kuolewa na Mkenya kunampa mgeni ruhusa ya kukaa nchini. Hakumpi. Ndoa humfungulia mlango wa kuomba ruhusa hiyo. Asipoomba, anaweza kukaa miaka kumi na mitano, akazaa na kulea watoto, na bado mbele ya sheria akahesabiwa kuwa yuko nchini bila idhini.

Kosa hilo si dogo. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, mtu anayepatikana na hatia ya kuwa nchini kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000, kufungwa jela hadi miaka 3, au adhabu zote mbili. Juu ya hayo kuna kurudishwa kwao, na nyumba kubaki na mzazi mmoja.

Kwanza ieleweke kazi hii ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba limeweka masuala ya uhamiaji na uraia mikononi mwa serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haitoi pasi, haitoi kibali cha ukaazi na haina afisa mwenye uwezo wa kuharakisha maombi. Chifu naye hana, ijapokuwa barua yake ya kuthibitisha kwamba wanandoa wanaishi pamoja kijijini inaweza kusaidia. Mtu yeyote anayepita mitaani akidai pesa ili "kaunti" imsajili mgeni, huyo ni tapeli na anafaa kuripotiwa kituo cha polisi. Maombi hupelekwa kwa Idara ya Uhamiaji kupitia mtandao wake wa huduma kwa raia wa kigeni, na malipo hufanywa kupitia eCitizen, ambako nambari ya malipo ya huduma za serikali ni 222222. Ada hubadilishwa mara kwa mara. Kiasi cha kulipa ni kile kinachoonekana kwenye akaunti ya mwombaji siku anayolipa, wala si kile alichoambiwa na jirani aliyelipa mwaka juzi.

Ndoa iwe na cheti

Maombi mengi ya familia za hapa hukwama kabla hata hayajaanza, na sababu huwa cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zina hadhi sawa, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Lakini nikaha nyingi hufungwa nyumbani mbele ya wazee na walii, mahari ikatolewa, watu wakala pilau, na hakuna karatasi inayofika kwa msajili. Ndoa ipo, dini inaitambua na majirani ni mashahidi, lakini afisa wa Uhamiaji hawezi kuwapigia simu majirani. Anachohitaji ni cheti.

Kwa Waislamu, ndoa hufungishwa na kusajiliwa na kadhi, sheikh au imamu aliyepewa idhini ya kufanya hivyo na Msajili wa Ndoa. Neno la kuzingatia hapo ni idhini, kwa sababu si kila imamu wa msikiti anayo. Ni vyema familia iulize kabla ya siku ya nikaha, na kama ndoa ilishafungwa zamani bila cheti, mahali pa kuanzia ni kwa kadhi, wanandoa wakiandamana na mashahidi walio hai. Ndoa ya kimila nayo ina utaratibu wake: wanandoa humjulisha msajili ndani ya miezi 3 baada ya sherehe kukamilika, kisha huomba kusajiliwa. Aliyefunga ndoa ng'ambo atahitaji cheti cha huko, na kikiwa kwa Kijerumani au Kiitaliano kitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika.

Jambo jingine linaloonekana dogo ni majina. Kitambulisho cha mke kina majina mawili, cheti cha ndoa kina matatu, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimeandika jina la babu kwa herufi tofauti. Kwa anayesoma faili Nairobi bila kuijua familia hiyo, hao wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Kiapo mbele ya wakili au hakimu kinachoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja kinafaa kuandaliwa mapema, kabla faili halijarudishwa.

Pasi ya mtegemezi

Ruhusa ambayo wanandoa wengi huanza nayo ni pasi ya mtegemezi. Anayeiomba, kwa maana ya kuwa mdhamini, ni raia wa Kenya mwenyewe. Yeye ndiye anayemwambia Mkurugenzi Mkuu wa Uhamiaji kwa barua kwamba huyu ni mke wangu au mume wangu, tunaishi mahali fulani, na nina uwezo wa kumkimu. Barua hiyo huambatanishwa na nakala ya kitambulisho cha mdhamini, cheti cha ndoa, nakala ya paspoti ya mgeni yenye muda wa kutosha, picha zake, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama wapo. Mama wa Msambweni anayeuza samaki hana hati ya mshahara, na hilo lisimtie hofu. Taarifa za benki, leseni ya biashara au stakabadhi za shamba zinaweza kuonyesha kwamba nyumba ina riziki.

Kuna kitu kimoja kisichoweza kuandaliwa baadaye, nacho ni muhuri wa kuingia. Mtanzania anayepita kwenye kituo cha mpakani cha Lunga Lunga akiwa na paspoti hugongewa muhuri, na kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi 6 kama mgeni. Mzungu anayeingia kwa idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ambayo ilichukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, kwa kawaida hupewa siku 90. Katika muda huo familia ina nafasi ya kutuma maombi kwa utulivu. Aliyepita njia ya panya, au aliyeteremka kwenye mashua usiku, hana muhuri, hivyo hana siku hata moja ya kuhesabu. Kwa familia za mpakani pengine hili ndilo kosa linalogharimu zaidi, na kulikwepa ni kazi ya nusu saa tu pale mpakani.

Pasi ikikubaliwa na kulipiwa, mgeni atakayekaa zaidi ya miezi 3 husajiliwa na kupewa kitambulisho cha mgeni. Kadi hiyo ndiyo atakayoonyesha benki, kwenye duka la simu anaposajili laini, na anapojisajili na bima ya afya ya SHA. Aiweke vizuri na aangalie tarehe, kwa sababu kadi na pasi zote huisha muda na ni lazima zifanywe upya kabla ya siku hiyo.

Pasi ya mtegemezi haimruhusu mgeni kufanya kazi. Hapa wengi huteleza, tena bila nia mbaya. Mke kutoka Tanga anafungua saluni Ukunda, au mume kutoka Italia anaanza kusimamia mkahawa wa shemeji yake. Biashara imelipiwa leseni ya kaunti na risiti imetundikwa ukutani. Lakini leseni ya kaunti huihalalisha biashara. Haimhalalishi mfanyakazi wa kigeni. Anahitaji kibali cha kazi, ambacho huombwa peke yake na hutolewa kwa madaraja. Raia wa nchi jirani waulizie nafuu ya ada iliyopo chini ya mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lakini nafuu ya ada haiondoi wajibu wa kuomba.

Baada ya miaka 3, na baada ya miaka 7

Ndoa ikitimiza miaka 3, mke au mume wa Mkenya anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Huu ni mzigo mwepesi zaidi: mwenye hadhi hiyo anaweza kuingia na kutoka nchini na kufanya kazi bila kurudi kila mara kuomba pasi. Hata hivyo, si uraia. Hapigi kura, na kuhusu ardhi Katiba inamruhusu mtu asiye raia kumiliki kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Wanandoa wanaonunua ploti Diani kwa jina la pamoja wazingatie hilo kabla ya kutia sahihi, maana mabroka wengine hawalitaji.

Ndoa ikitimiza miaka 7, Ibara ya 15 ya Katiba inampa haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Sheria inataka ndoa iwe ya mfumo unaotambuliwa Kenya, wanandoa wawe wanaishi pamoja, na ndoa isiwe ilifungwa kwa ajili ya kupata karatasi tu. Haki hii inawahusu wake na waume sawa. Kabla ya Katiba mpya kuanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, mwanamume Mkenya aliweza kumwombea mkewe wa kigeni uraia, lakini mwanamke Mkenya hakuweza kufanya hivyo kwa mumewe. Bado wako kina mama Kwale wanaoishi kana kwamba sheria ile ya zamani ingali inatumika, ambao waliambiwa zamani kuwa haiwezekani na hawakuuliza tena. Sasa inawezekana.

Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini si kila nchi inaruhusu. Tanzania kwa kawaida haimruhusu mtu mzima kubaki raia wake akichukua uraia mwingine. Kwa hiyo mume wa Kitanzania apime kwanza: huenda ukaazi wa kudumu ukamtosha, hasa kama ana shamba au urithi kwao. Aliyekwisha kuwa raia hapotezi uraia wake kwa sababu ya talaka; Katiba imesema hivyo wazi. Pasi ya mtegemezi ni tofauti, kwa kuwa inasimama juu ya mdhamini. Mdhamini akifariki au ndoa ikivunjika, Idara ya Uhamiaji ijulishwe mapema, kwa maandishi, badala ya kungoja pasi iishe. Mjane aulize pia kuhusu uraia, kwa sababu sheria ina kifungu mahususi cha wajane wa raia.

Njia hii ya ndoa isichanganywe na ile iliyotumiwa na Wamakonde waliotambuliwa mwaka 2017 na Wapemba mwaka 2023. Hizo zilikuwa jamii zilizoishi pwani kwa vizazi bila uraia, na serikali ilizitambua kwa pamoja. Mke aliyetoka Pemba mwaka jana hawezi kuingia kwenye orodha hiyo.

Na watoto?

Mtoto ambaye baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya siku aliyozaliwa ni Mkenya kwa kuzaliwa, hata kama alizaliwa hospitalini Tanga au Berlin. Huyo haombewi pasi ya mtegemezi. Anachohitaji ni cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi Mkenya ili uraia wake uandikwe na apewe paspoti. Mtoto wa kambo, yaani yule ambaye mke au mume wa kigeni alikuja naye kutoka ndoa ya awali, hana haki hiyo na aombewe pasi pamoja na mzazi wake, kukiwa na ridhaa ya mzazi mwingine au amri ya mahakama ya malezi.

Asiyekuwa na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa kufungua akaunti ya eCitizen katika kituo cha Huduma mjini Kwale, na maswali kuhusu faili lenyewe yapelekwe afisi ya Uhamiaji ya Mombasa au Jumba la Nyayo, Nairobi. Aende na paspoti halisi, si nakala, na wanandoa waende pamoja. Aliye na pasi iliyoisha muda aende mwenyewe kabla hajakamatwa, akiwa na cheti cha ndoa mkononi, na ikiwezekana na wakili.