Njaa Katika Nchi ya Mahindi: Somo Lianzie Mtaani (Sehemu ya Pili)

Mwanafunzi wa Iyunga, jijini Mbeya, akiulizwa njaa inakaa wapi, ni rahisi ataje Dodoma au Singida, mahali ambapo mvua hukatika na mtama hukauka shambani. Hawezi kuitaja Iyunga. Barabara kuu iendayo Zambia inapita hapo hapo, na kila msimu malori hushuka kutoka Mbozi yakiwa na mahindi. Ndizi zinatoka Tukuyu, mchele Kyela na Mbarali, viazi Uporoto. Tangu miaka ya 1980 Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma zimehesabiwa kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini. Njaa itapitia wapi?

Takwimu zinajibu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Iringa iliongoza kwa asilimia 56.9. Njombe ilifuata kwa 50.4, kisha Rukwa kwa 49.8. Mbeya ilikuwa na 31.5. Mikoa inayolisha nchi ndiyo iliyoshika nafasi za juu kwa watoto waliokosa kukua.

Jedwali hilo linafaa kubandikwa ukutani katika kila darasa la Jiografia la Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa linavunja dhana ambayo vitabu vingi bado vinaibeba: kwamba njaa ni upungufu wa mavuno, basi. Mwaka 1981 mwanauchumi Amartya Sen alionyesha kwamba katika njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943 chakula hakikuwa kimeadimika kiasi cha kueleza vifo vile. Watu walikufa kwa sababu hawakuwa na njia ya kukipata. Mkutano wa dunia wa chakula uliofanyika Rome mwaka 1996 nao ulikubali kwamba kuwa na uhakika wa chakula ni zaidi ya ghala kujaa: mtu awe na uwezo wa kukipata chakula, kiwe salama na chenye lishe, na asikose leo wala miezi ijayo.

Hayo yote yanaonekana Mbeya bila kusafiri mbali. Mkulima huvuna kati ya Juni na Julai, bei ikiwa chini, na deni la mbolea linamngoja. Anauza kwa lumbesa. Kufika Januari na Februari, mahindi mapya yakiwa bado mabichi shambani, anarudi sokoni kununua kwa debe kile alichokiuza kwa gunia, tena wakati huo huo sare na mahitaji mengine ya shule yanadaiwa. Huku mjini, wengi hawana hata hilo shamba. Siku fundi au mbeba mizigo anapokosa kazi, unga unanunuliwa kwa robo kilo, na mboga inakuwa ile ile.

Lakini hata sufuria likijaa, jambo halijaisha. Sembe nyeupe inayopendwa mjini imekobolewa, na kiini na pumba vilivyoondolewa vimeondoka na sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki na vitamini za kundi B. Dona inabaki navyo. Mtoto anayekula ugali wa sembe na mchuzi mwepesi asubuhi na jioni anashiba, na bado mwili wake una njaa.

Walimu hawahitaji kuagiza mbinu ya kufundishia haya kutoka ng'ambo, kwa kuwa ilizaliwa jirani. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1988, Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, uliendesha mpango wa lishe kwa ushirikiano na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za serikali ya Italia. Ulianzia katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, na kamati ya kijiji ikakaa na majina mezani: huyu ameshuka, kwa nini, tufanye nini kwa uwezo tulio nao? Walitathmini, wakachambua sababu, wakachukua hatua, kisha wakapima tena. Watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takribani asilimia 56 hadi 38, na wenye utapiamlo mkali kutoka takribani asilimia 6 hadi chini ya 2. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mkakati wake wa lishe kwa dunia nzima, mchoro wake wa sababu za utapiamlo ulitokana kwa sehemu kubwa na uzoefu huo wa Iringa. Kwamba mwanafunzi wa Mbeya anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuusikia ni hasara kubwa.

Tena wanakijiji wale hawakuishia kwenye mahindi. Waliona kwamba mama analima, anachota maji, anatafuta kuni, na mtoto mdogo anangoja mpaka jioni. Mtoto ana tumbo dogo. Akipewa uji mzito mara mbili kwa siku hawezi kumaliza kiasi kinachomtosha. Ndiyo maana vikaanzishwa vituo vya kulishia watoto mama wakiwa shambani. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, walikuwa wamechunguza kimea, ule unga wa nafaka iliyooteshwa ambao bibi zetu wanaujua kwa kutengenezea pombe. Kijiko kidogo kikikorogwa ndani ya uji mzito, vimeng'enya vyake huvunja wanga na uji hulainika bila kuongezwa maji. Mtoto anakunywa zaidi na kupata nguvu zaidi.

Hapo pana kipindi kizima cha Baiolojia: vikombe viwili vya uji, ulezi uliooteshwa, kijiko na saa. Hakuna maabara inayohitajika.

Jiografia nayo ichukue soko. Kundi la wanafunzi lirekodi bei ya debe la mahindi na ya kisado cha maharage kila mwezi, tangu Julai hadi Machi, kisha lichore grafu na kuilinganisha na ujira wa kibarua kwa siku. Darasa la Uraia liyachukue maswali manane ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo huanza kwa upole, je, uliwahi kuwa na wasiwasi wa kukosa chakula, na kupanda hadi ile nzito: je, uliwahi kushinda siku nzima bila kula kwa kukosa fedha?

Tahadhari moja haina mjadala. Maswali hayo yajibiwe kwa karatasi zisizo na majina, kamwe yasijibiwe kwa kunyoosha mikono. Katika darasa lolote la Iyunga huenda yumo aliyekuja bila kunywa hata chai, na njaa yake haipaswi kuwa mfano wa somo mbele ya wenzake. Mwalimu akishajua kwamba wapo, kazi inayomkabili ni ya faragha, na inaanzia jikoni kwa shule na kwenye kikao cha wazazi.

Baada ya karatasi, wanafunzi watoke. Siku ya Afya na Lishe hufanyika vijijini na mitaani kila robo mwaka, watoto wakipimwa kama ilivyokuwa Iringa. Kwa idhini ya mtendaji wa mtaa, wanafunzi wanaweza kusaidia kupanga foleni na kujifunza kusoma utepe wa kupimia mkono wa juu: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hadi 12.5 ni njano, kuendelea ni kijani. Kijana aliyeushika utepe huo kwenye mkono wa mtoto wa jirani hatasema tena kwamba njaa ni jambo la Dodoma.

Sehemu ya tatu itahusu chakula cha mchana shuleni: mwongozo wa kitaifa, michango ya mahindi na maharage kutoka kwa wazazi, na namna ya kumlisha mtoto ambaye mzazi wake hana cha kuchanga.