Sufuria Ikiwa Nyeusi, Usiilaumu Sufuria

Jioni moja nilimkuta mama jirani yangu, hapa Ringwani, amesimama mlangoni pa jiko akiwa na uso wa huzuni. Nje, binti yake wa darasa la sita alikuwa amechutama mbele ya sufuria tatu nyeusi tititi, akizisugua kwa mchanga na majivu. Mikono ilikuwa imemchubuka, na daftari lake lilikuwa kando halijafunguliwa.

"Dada," mama aliniambia, "hili jiko la gesi limekufa. Linatoa moshi kuliko kuni. Kesho narudi kwenye mafiga."

Jiko lile lilikuwa na miezi michache tu. Fundi yuko Mugumu, na nauli ya kwenda na kurudi si ndogo. Tulilikagua pamoja. Chini ya kichwa cha jiko, pale panapoingia hewa, buibui alikuwa amejenga nyumba yake. Tulimwondoa kwa mswaki mkuukuu, tukawasha, na moto ukawaka wa buluu. Jiko halikuwa limekufa. Lilikuwa limezibwa pumzi.

Mama mwenzangu, je, na wewe unalo jiko lililowekwa pembeni kwa sababu kama hiyo? Mwezi Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa miaka kumi, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini jiko lililoharibika halimsaidii mtu. Tujifunze kulitunza wenyewe.

Rangi ya moto inasema nini?

Gesi ya kupikia huhitaji kuchanganyika na hewa kabla ya kuungua. Ikipata hewa ya kutosha, moto huwa wa buluu na sufuria hubaki safi. Hewa ikipungua, gesi haiungui yote. Moto huwa wa njano, mrefu, na huacha masizi. Kwa hiyo masizi ni ujumbe. Kusugua sufuria bila kutengeneza jiko ni kufuta maji sakafuni huku bomba linavuja.

Na si suala la weusi tu. Moto wa namna hiyo hutoa pia hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Katika jiko lililofungwa madirisha, huweza kuua. Ukiona dalili hizo, zima moto, mtoe kila mtu nje kwenye hewa safi, kisha nendeni kwenye zahanati.

Hatua za kusafisha

Kwanza, zima moto, funga gesi kwenye mtungi na uache jiko lipoe kabisa. Kama unatumia mtungi mdogo wenye jiko juu yake, hakikisha kitasa kimefungwa, wala usikifungue kichwa hicho kutoka kwenye mtungi.

Pili, inua kifuniko kidogo kinachogawa moto. Uji uliofurika na mafuta ya kukaangia huziba matundu yake. Kisugue kwa mswaki na maji ya sabuni, zibua matundu kwa sindano taratibu, suuza, kisha kikaushe kabisa. Kikirudishwa kibichi, moto hutapatapa au huzima.

Tatu, chungulia matundu ya hewa yaliyo chini ya kichwa cha jiko. Ondoa vumbi, masizi na utando wa buibui kwa mswaki mkavu.

Nne, rudisha kifuniko mahali pake sawasawa. Kikikaa upande, moto utawaka upande.

Kile kitundu chembamba sana gesi inamotokea usikichokoe kwa sindano. Kikipanuka, gesi itatoka nyingi kuliko hewa, na moto wa njano hautaisha. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kama moto ni mdogo ingawa jiko ni safi, huenda gesi inaisha. Pima mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Utoe, na kinachobaki ndicho gesi yako.

Kutafuta mahali panapovuja

Wengi wetu tunajaza mtungi mbali, nao hurudi juu ya bodaboda. Mwombe kijana aufunge ukiwa wima. Ukifika umelala, usiutumie papo hapo. Usimamishe kwanza utulie. Kisha, kila unapobadili mtungi, fanya jaribio hili.

Zima kila moto ulio karibu, yakiwemo makaa ya mafiga. Koroga sabuni na maji mpaka yatoe povu. Fungua gesi bila kuwasha jiko. Paka povu pale regulata inaposhika mtungi, kwenye mpira wote, na kwenye ncha zake mbili. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja hapo. Usitafute kamwe kwa kiberiti!

Funga gesi. Kagua pete ya mpira kama ipo na haijapasuka. Kaza viungo vizuri, kisha jaribu tena. Mpira uliokauka, uliopasuka au uliotafunwa na panya haufungwi kwa gundi wala kipande cha nguo. Nunua mwingine ulio wa gesi, si wa maji. Kama povu linatokea kwenye mtungi wenyewe, usijaribu kuutengeneza. Uweke nje, mbali na moto, na umwite aliyekuuzia.

Ukisikia harufu

Gesi hii kwa asili yake karibu haina harufu. Harufu ile kali huongezwa makusudi ili ituonye. Tena ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi, bali hushuka na kutambaa sakafuni. Hapa ndipo majiko yetu mengi yana hatari, maana mafiga yenye makaa na mtungi wa gesi hukaa chini ya paa moja. Watenganishe hao wawili. Kama moto wa kuni unawaka, mtungi usikae karibu nao.

Ukisikia harufu, usiwashe kibatari, tochi wala taa, na kama taa inawaka usiizime. Funga mtungi kama unafikika, fungua mlango na madirisha, watoe watoto, na mkae nje mpaka harufu iishe kabisa.

Haya wafundishe wote nyumbani, baba na watoto pia, maana gesi haingoji mama arudi kutoka shambani. Tenga nusu saa kila mwezi kwa usafi wa jiko.

Yule binti wa jirani sasa ndiye anayeshika mswaki na povu la sabuni. Sufuria huosha kwa dakika chache, na daftari lake hufunguliwa kabla giza halijaingia.