Kariakoo, mifereji na bahari: marufuku ya mifuko ya plastiki ilipofika na ilipokwama

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutumika Tanzania Bara Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2019. Zilikuwa zimebaki siku chache Ramadhani iishe, na Kariakoo ilikuwa imefurika wanunuzi wa nguo, viatu na vyakula vya Idi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliitangaza bungeni Dodoma tarehe 9 Aprili mwaka huohuo, kwa hiyo wafanyabiashara walipewa muda usiofika miezi miwili kumaliza shehena zao. Kanuni zenyewe, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 394 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilikataza kuingiza mifuko hiyo nchini, kuisafirisha nje, kuitengeneza, kuihifadhi, kuisambaza, kuiuza na kuitumia, iwe minene au myembamba.

Mfuko uliokatazwa ulijulikana mitaani kwa majina ya picha zilizochapwa juu yake: Rambo, Malboro. Mnunuzi aliupata bure dukani au aliununua kwa watoto na vijana waliozunguka sokoni na mabunda begani, wakiutandaza mmoja mbele ya kila aliyeshika mzigo. Asili yake ni Sweden, ambako mhandisi Sten Gustaf Thulin wa kampuni ya Celloplast alibuni namna ya kukata na kuunganisha bomba la plastiki likawa mfuko wenye mikono. Hataza yake ni ya mwaka 1965. Ni mwepesi kupita kiasi, hauingii maji, hubeba kilo kadhaa na bei yake ni ndogo sana. Sifa hizohizo ndizo zilizoufanya kuwa balaa. Kitu kisicho na thamani hakiokotwi tena, na kitu chepesi kisichooza hupeperuka mpaka kikwame mahali.

Dar es Salaam, mahali hapo aghalabu ni mtaro. Beda Amuli, msanifu wa jengo la Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliliwekea paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa ili kukinga maji ya mvua. Nje ya paa hilo maji hayana wa kuyakinga. Mvua ya masika ikinyesha, hushuka kwenye mifereji ya mitaa, upande mmoja kuelekea bonde la Jangwani na Mto Msimbazi, upande mwingine kuelekea Gerezani na bandarini. Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu, hupita kwenye makazi yenye msongamano mkubwa kabla ya kumwaga maji baharini pale daraja la Salender. Kilichoachwa kando ya meza ya nyanya asubuhi kinaweza kuwa kwenye mikoko ya Salender siku mvua kubwa inaponyesha.

Kabla hakijafika huko, huziba. Mfuko mmoja ukinasa kwenye mdomo wa kalavati, hukamata mchanga, majani na mifuko mingine, na mtaro uliojengwa kwa gharama kubwa hugeuka shimo la maji yaliyotuama. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwahamisha wakazi wa bondeni, yalikuwa na sababu nyingi: mvua isiyo ya kawaida, ujenzi ndani ya bonde, mto uliojaa mchanga. Taka ngumu zilikuwa mojawapo. Maji yaliyotuama huzaa mbu, na mwaka huo wa 2019 marufuku ilipoanza, jiji lilikuwa linahangaika na homa ya dengue, ambayo mbu wake hutaga hata kwenye maji kidogo yaliyobaki ndani ya plastiki iliyotupwa. Bangladesh, nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko myepesi ya plastiki mwaka 2002, ilianzia kwenye balaa hilihili la mitaro iliyoziba wakati wa mafuriko.

Baharini mambo hubadilika. Maji ya bamvua huingia mpaka ndani ya mdomo wa mto na yanapokupwa hutoka na kila kinachoelea. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini, na msimu wa kusi huusukuma zaidi. Ndiyo maana taka za jiji haziwi shida ya jiji peke yake. Fukwe za Kunduchi, visiwa vya Bongoyo na Mbudya vilivyohifadhiwa tangu mwaka 1975, hata Bagamoyo na Unguja, viko upande ambao maji yanakwenda.

Kasa na ng'amba huzaliana kwenye pwani hii, na kati ya vyakula vya kasa ni yavuyavu. Mfuko mweupe unaoelea chini kidogo ya uso wa maji hauna tofauti na yavuyavu machoni pa kasa. Akiumeza, hauyeyuki tumboni. Huziba njia ya chakula, naye hudhoofika huku tumbo limejaa. Wavuvi nao wana hesabu yao. Plastiki hujisokota kwenye pangaboi ya mashine ya boti au huziba tundu linalovuta maji ya kupoozea injini, na nahodha hulazimika kuzima mashine katikati ya maji. Nyavu zinazovutwa karibu na mdomo wa mto huleta taka pamoja na dagaa.

Kinachotisha zaidi ni kile kisichoonekana. Jua, chumvi na mawimbi haviimalizi plastiki; huivunja vipande, kisha vipande vya vipande, mpaka ikawa chembe ndogo kuliko punje ya mchanga. Utafiti wa ufukwe na kombe wa pwani ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta chembe hizo kwenye mchanga na ndani ya kombe wenyewe, na hori la Mtoni Kijichi likawa miongoni mwa maeneo yaliyochafuka zaidi. Maji ya hori hilo hutoka kwenda baharini kwa kupita bandarini, kwenye mlango uleule ambao pantoni huvuka kati ya Magogoni na Kigamboni, mbele ya Soko la Samaki la Feri. Taka ikishafika katika hali hiyo hakuna kikundi cha usafi wa fukwe, hata kiwe na moyo namna gani, kinachoweza kuiokota. Bahari hulindwa sokoni, kabla mfuko haujatupwa.

Wazo la kuikataza mifuko hii halikuanza 2019. Zanzibar ilitangulia zaidi ya miaka kumi kabla, kwa kuwa kisiwa kidogo chenye uchumi wa utalii na uvuvi hakina pa kuficha taka zake. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008. Bara, juhudi zilizoanza mwaka 2006 zilikazania unene: mfuko mwembamba ukatazwe, mnene uruhusiwe. Utaratibu huo ulikwama, na haishangazi. Mgambo hana kipimo cha maikroni mfukoni, wala muuza mchicha hana. Wote wawili wanaona mfuko tu. Kenya, iliyoanza marufuku yake tarehe 28 Agosti 2017 kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 4 za nchi hiyo, ilionyesha kwamba katazo lisilo na mlango wa unene linawezekana hata pale penye viwanda vingi. Nako Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, likatweka mapema mwaka 2019 kwenda Zanzibar, likipita bandari kwa bandari kuwaonyesha watu wa pwani uchafu wao wenyewe.

Kanuni za Tanzania ziliweka adhabu kwa ngazi, na hapo waliozitunga walifikiri vizuri. Mwenye kiwanda au mwagizaji anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20 na inayoweza kufika bilioni 1, au kifungo cha hadi miaka miwili. Mwenye ghala na msambazaji, milioni 5 hadi 50. Muuzaji, 100,000 hadi 500,000. Anayekutwa na mfuko mkononi, 30,000 hadi 200,000 au siku zisizozidi saba jela. Vifungashio vya dawa, vya bidhaa za viwandani, vya kilimo, ujenzi na udhibiti wa taka viliachwa. Ofisi za serikali za mitaa zilipokea mifuko ya wananchi, na wasafiri walitakiwa kuiacha uwanja wa ndege. Matokeo yalionekana haraka mno. Katika wiki chache mfuko wenye mikono ulitoweka Kariakoo, bila vurugu iliyotabiriwa, na wenye mizigo ya Idi walirudi nyumbani na vikapu, viroba na mabegi ya nguo. Ni mafanikio ambayo sheria chache za mazingira nchini zinaweza kujivunia.

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni mfuko wa kaki, unaofaa mkate, sukari na unga, lakini ambao hulainika mara ukiguswa na unyevu. Cha pili ni ule unaoitwa mfuko mbadala, laini kama kitambaa na wenye rangi za kila namna. Wengi huudhani kuwa ni nguo. Umetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Tofauti yake ni kwamba ukiwa imara hutumika mara nyingi. Ndiyo maana Shirika la Viwango Tanzania likaweka uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Viwanda vya pembeni vikatoa mifuko myepesi kuliko hapo, inayochanika safari ya pili, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) likalazimika kuanza msako mwingine. Mbadala unaotumika mara moja ni Rambo aliyebadili shati.

Lakini tatizo kubwa zaidi linaning'inia kwenye misumari ya vibanda. Muuza nyanya chungu na bamia huchomoa kifungashio kimoja kutoka kwenye bunda, hukisugua kati ya vidole viwili mpaka mdomo ufunguke, hukipuliza kidogo, humimina fungu la bei ya chini, hufunga fundo na kumkabidhi mteja. Kifungashio hicho chembamba, kinachoonyesha ndani na kisicho na mikono, kiliachwa na sheria kwa ajili ya kufungia bidhaa kiwandani. Sokoni kimegeuka mfuko wa kubebea. Mama anayenunua vitu sita vya mboga hurudi nyumbani na vifungashio sita vya plastiki, pengine ndani ya kikapu kizuri cha ukindu. Mwaka 2021 serikali ilitoa katazo jingine mahsusi dhidi ya matumizi hayo. Bado vinauzwa.

Kumlaumu muuzaji pekee si haki. Feri, mteja aliyenunua dagaa wabichi au vipande vya jodari anahitaji kitu kisichovuja. Kaki huloa kabla hajafika kituo cha daladala, na mbadala huchuruzika maji ya samaki kwenye nguo za abiria mwenzake. Vitu vikavu marufuku ilivipatia jibu. Vyenye majimaji, kuanzia samaki na nyama mpaka mchuzi wa mama lishe, havikupatiwa, na plastiki imerudi kwa mlango huo. Jibu lipo, tena ni la zamani: ndoo ndogo yenye mfuniko, hotipoti, bakuli la nyumbani, jani la mgomba kwa nyama. Pwani hii ilibeba samaki kwa pakacha na tenga kwa vizazi vingi. Wasukaji wa ukindu na miyaa wangali wapo, na soko la vikapu vyao lingekuwa kubwa zaidi kama kila ununuzi usingekuja na plastiki ya bure.

Jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, ambalo taka zake nyingi hazifiki dampo la Pugu Kinyamwezi, haliwezi kutegemea ufagio kuokoa bahari. Msako unaomkamata kijana mwenye bunda la vifungashio Mtaa wa Kongo, huku ghala alikolichukua likiendelea kufunguliwa kila asubuhi, hauna tija. Nguvu ya NEMC na halmashauri ielekezwe huko juu, kwa mtengenezaji, mwagizaji na msambazaji, ambao kanuni za 2019 ziliwawekea adhabu nzito kuliko wote. Naye mnunuzi, anapokwenda Kariakoo achukue kikapu, na anapokwenda Feri achukue ndoo yenye mfuniko; akipewa kifungashio, akirudishe kwa muuzaji palepale na kuomba bidhaa imiminwe kwenye chombo chake.